Siku ya Picha ya Jamaa



Mama mmoja wa Kadutu alinisimamisha juma lililopita mlangoni pa kanisa. "Mama," akasema, "mwanangu wa kwanza arudi kutoka Kisangani mwezi wa Agosti. Ni miaka sita hatujakaa sote chini ya paa moja. Tumepatana na mpiga picha atupige nje, kando ya ziwa. Tuvae nini?" Nilimjibu maneno mawili matatu tu, kwa maana jua lilikuwa kali na watoto wake walikuwa na njaa. Leo nataka kumjibu vizuri, na wengine wasikilize.

Neno la kwanza ni fedha. Msikope kwa ajili ya picha. Naona jamaa zinazonunua kikwembe kipya kwa kila mtu, na viatu vipya, na kumlipa fundi wa kushona mara mbili kwa kuwa siku zimekaribia. Kisha Septemba inafika, masomo yadai fedha zake, na sanduku ni tupu. Watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa malipo wataitazama picha ile ukutani kwa moyo gani?

Wala si lazima kutumia nyingi. Kipande kizima cha kikwembe ni yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu. Desturi yetu hukigawanya mara tatu: yadi 2 kwa blauzi, yadi 2 za kufunga, na yadi 2 za kufunga juu yake au kumbebea mtoto. Basi kwa siku hii mama aweza kuacha kile cha tatu. Yadi 2 hizo zatosha shati la baba la mikono mifupi, na vipande vinavyobaki mezani kwa fundi vyafaa ukanda wa msichana, au kilemba cha nyanya, au kola ya mtoto mdogo. Hivyo kikwembe kimoja chaonekana katika jamaa nzima, wala hakikumfunika kila mtu.

Niseme wazi: mimi sipendi sana picha ambayo watu kumi wamevaa kikwembe kimoja chenye maua makubwa. Jicho la mtazamaji laona maua kwanza, na vichwa laviona baadaye, kama machungwa yaliyopangwa juu ya kitambaa cha meza. Najua wengi hawatakubaliana nami, maana hiyo ndiyo desturi ya arusi na ya matanga, nami mwenyewe nimeivaa mara nyingi. Lakini katika picha ya jamaa twatafuta nyuso.

Siku tatu kabla, tandikeni nguo zote kitandani, za baba kando ya za mama, za watoto chini, kama watakavyosimama. Kisha simameni mlangoni, mfumbe macho nusu. Nguo inayoruka ikaja mbele ya nyingine zote, hiyo ndiyo itakayoruka katika picha pia. Iondoeni, au mwekeni mwenye nguo hiyo katikati, kama ni nyanya. Yeye ana haki. Rangi mbili au tatu zinazopatana zatosha: buluu na kijivu na nyeupe kidogo, au kahawia na kijani cha majani ya ndizi. Mistari midogo iliyobanana na miraba midogo midogo iepukwe, kwa sababu kamera za siku hizi huichanganya, ikatoka ikiyumba kama maji. Nguo zenye maandishi makubwa kifuani zibaki nyumbani. Baada ya miaka ishirini mtasoma tangazo la sabuni kabla ya kumwona mtoto.

Shati jeupe lataka maelezo. Wazee wetu walilipenda, nami nalipenda. Lakini jeupe kabisa katika jua kali laidanganya kamera. Kamera hupima mwanga wote pamoja. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso mweusi juu ya kola nyeupe wapotea gizani. Tena liko jambo ambalo wazee wetu hawakuambiwa. Filamu za rangi za zamani zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi ya uso wake ndiyo iliyokuwa kipimo cha fundi katika chumba cha kusafishia picha. Ngozi nyeusi haikuwamo katika hesabu hiyo. Bibi na babu zetu wakatoka katika picha zao kama makaa yenye meno, wakafikiri ndivyo walivyo. Filamu zilitengenezwa upya baadaye. Siku hizi hata kwa simu, mwambieni mpiga picha aguse uso wa mtu mweusi kuliko wote kwenye kioo, ili mwanga upimwe hapo, wala si kwenye shati wala kwenye mbingu.

Mafuta usoni yawe kidogo. Mtoto aliyepakwa mafuta mengi hung'aa kwenye paji la uso kama sufuria. Chukueni kitambaa kikavu, mpanguse kila mmoja kabla ya kupigwa.

Sasa saa. Sisi tukaao karibu na ikweta tuna jua linalopanda wima na kushuka wima. Saa sita mchana liko juu ya vichwa: macho yote yawa mashimo meusi, na pua yaangusha kivuli mdomoni. Mwanga mzuri ni wa asubuhi kabla ya saa tatu, na wa jioni baada ya saa kumi. Lakini ule wa jioni hukimbia. Katika Ulaya wakati wa kiangazi jua hukaa chini karibu na ardhi muda mrefu. Hapa kwetu, mkichelewa kwa sababu ya kiatu kimoja kilichopotea, mtakuta limekwisha kuzama. Juni hadi Agosti hapa Bukavu mvua ni adimu. Lakini vumbi lipo, basi viatu vibebwe mkononi hadi mahali penyewe.

Wapiga picha wa zamani walifundishwa kuweka jua mgongoni mwao. Ndiyo maana katika albamu za wazazi wetu kila mtu amekunja uso kama anayeonja limau. Afadhali kivuli chepesi cha mti mkubwa au cha ukuta, kisicho na matobo ya jua, na uwanja ulio wazi mbele yenu. Kama mwataka ziwa nyuma, lazima mwangalie: maji yang'aapo nyuma ya watu, watu hutoka weusi mbele yake. Simameni pembeni kidogo, ziwa lionekane upande mmoja. Wala msiende kupigwa picha karibu na daraja la Ruzizi, wala kambi ya askari, wala uwanja wa ndege. Kamera katika mahali kama hapo ni mashaka, na siku yenu nzuri yaweza kuishia mbele ya mtu wa usalama.

Mtu asione haya kama hana bustani ya kuchagua. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga watu uani mwake kwa mwanga wa jua tu, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitanda chake. Aliwawekea wageni suti, tai, saa ya mkono, kalamu na redio ya kuazima. Leo picha zile zatazamwa katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani. Na hapa Kongo, Jean Depara, ambaye picha zake za Kinshasa zajulikana mahali pengi, alianza kwa kamera ndogo ya Adox aliyoinunua mwaka 1950 ili apate ukumbusho wa arusi yake mwenyewe.

Katika nyumba ya baba yangu palikuwa na picha moja ukutani, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa mwaka 1975 juu ya majani kando ya ziwa. Baba amevaa abakosti. Tai hazikuvaliwa, maana serikali ya Zaire ilikuwa imezikataa tangu 1972, na ikawa hivyo hadi 1990. Mama amefunga kikwembe. Sisi watoto watano tumepangwa kwa urefu, nami ni wa tatu, nimekunja uso kwa jua. Upande wa kulia, chini, kuna kivuli cha mtu mzima juu ya majani: ndiye mpiga picha. Kando yake kuna kivuli kingine, kidogo, chenye kitu mkononi.

Hicho ni kivuli cha mtoto wa baba mdogo. Baba yake alikuwa amefariki, naye alikaa kwetu tangu akiwa na miaka minne. Siku ile alikuwa na tisa. Hapakuwa na shati la kumtosha lililofanana na yetu, basi mama akamwambia, "Wewe shika mfuko, usimame pale kwa bwana wa picha." Hakusema kwa ubaya. Mfuko ulitaka kushikwa, na jua lilikuwa likishuka.

Mama alikuwa mtu mwema. Alimlisha kama sisi, alimlipia masomo, alikesha naye usiku wa homa. Lakini hakuna aliyepiga picha ya homa ile. Iliyobaki ukutani ni watoto watano na kivuli. Miaka mingi baadaye, siku ya matanga ya baba, watu walikuwa wakitazama picha, akaja yule ndugu yangu na binti yake. Mtoto akauliza, "Baba, wewe uko wapi?" Akaweka kidole juu ya kile kivuli, akasema, "Mimi ni huyu," akacheka. Mama alikuwa ameketi karibu. Aliinuka akatoka. Jioni alinituma nimwite, wakakaa wawili peke yao chumbani hadi usiku.

Ndiyo maana, mama wa Kadutu, nakuomba uhesabu watu kabla ya kufungua sanduku la nguo. Yatima aliyelelewa kwenu, mtoto wa mke wa kwanza, shemeji mgonjwa ambaye hapendi kuonekana, wote wahesabiwe. Kama nguo haikupatikana kwa mmoja, badilisheni nguo za wote. Yule mgonjwa aulizwe. Akikataa, ni neno lake, lakini aulizwe kwa jina. Mfuko uwekwe chini ya mti.

Wazee waketi. Naona jamaa zinazomsimamisha nyanya nusu saa juani ili mpango wa picha upendeze. Hiyo ni aibu. Kiti kitoke nyumbani, chenye miguu imara, kwa kuwa majani kando ya ziwa yana mashimo. Watoto wale kwanza nyumbani, wavae nguo za kawaida njiani, wabadilishwe huko huko. Wadogo wapigwe mwanzo, kabla ya uchovu. Na kama kijana amefika akiwa amenyoa kichwa kwa namna msiyoipenda, nyamazeni siku hiyo. Ugomvi wa asubuhi huonekana mabegani mwa watu jioni.

Picha zikiisha kuletwa, msiziache katika simu. Simu huibiwa, huanguka majini, hufa. Chapisheni hata mbili. Nyuma yake andikeni kwa penseli laini jina la kila mtu, kutoka kushoto, na mwaka, na mahali. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya Goma hadi ziwani, watu walikimbia na watoto mgongoni, na nyumba ziliteketea na vyote vilivyokuwamo. Waliokuwa wamempelekea shangazi nakala katika mji mwingine waliikuta nyumbani mwake. Na wale wanaokumbuka miaka iliyofuata 1994 watakumbuka picha za watoto waliopotezana na wazazi wao, zilizobandikwa na Msalaba Mwekundu kambini, na akina mama wakipita polepole mbele yake, uso baada ya uso. Uso ulio wazi, uliopigwa kwa mwanga mzuri, wenye jina nyuma yake, ulikuwa njia ya kurudi nyumbani.

Basi nakala moja iende Kisangani pamoja na mwanao, moja ikae kwako, na moja umpe mkubwa wa jamaa.

Kuhusu kiti cha nyanya, kama hapo nyumbani hakuna kinachofaa, mtume kijana aje achukue changu. Ni chepesi, tena kina mikono, naye aujua mlango.