Walikale na Masisi: Aliyekimbia risasi hakuacha kazi

Machi 2025, M23 ilipokaribia Walikale-centre, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi kwenye mgodi wa Bisie na kuondoa wafanyakazi. Aprili, waasi walipotoka, kazi ikaanza tena. Hakuna aliyeiita kampuni mtoro. Basi dereva au muuguzi aliyekimbia Masisi, akauza makala Goma ili watoto wale, kwa nini aitwe mtoro akirudi kwa bosi wake? Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inatambua kwamba nguvu isiyozuilika husimamisha mkataba. Kusimamishwa si kufukuzwa. Kuuza makala ni kutafuta kula, si kuacha kazi. Waajiri, mpokeeni pamoja na miaka aliyowatumikia. Risasi ni zile zile.