Barazani kwa Jamaa: Kunguru wa Kutia Mfukoni



Mwalimu mmoja ametuletea barua yenye uchungu. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 14, alianza kwenda kila jioni chini ya mti ambapo wakubwa huchezea karata kwa fedha. Baba akazikuta karata chini ya mkeka wa kijana, akazitia motoni. Tangu siku ile mtoto hurudi nyumbani taa imekwisha kuzimwa, wala hana neno na babaye ila shikamoo. Mwalimu auliza, "Je, nimekosa? Na sasa nifanyeje?"

Mwalimu mpenzi, katika kukataa kamari hukukosa. Lakini umemwondolea kijana mchezo, wala hukumpa kitu mahali pake, na jioni ni ndefu. Mwezi huu nataka kukuonyesha mchezo ambao mwaweza kuutengeneza wewe na yeye kwa jioni mbili, nao ukaingia katika mfuko wa shati.

Waitwa Rook, ndilo jina la ndege mmoja wa Ulaya wa jamaa ya kunguru; basi nyumbani kwetu twauita Kunguru. Ulitolewa mwaka 1906 na kampuni ya Parker Brothers ya mji wa Salem, Marekani. Siku zile nyumba nyingi za Wakristo wa nchi ile zilikataa karata za kawaida, kwa kuwa picha za mfalme na malkia na mtumishi wao ziliwakumbusha kamari na kupiga ramli. Kampuni ikatoa karata zisizo na picha hizo. Zina rangi nne, nyeusi, nyekundu, kijani na manjano. Kila rangi ina hesabu tangu 1 hata 14. Tena iko karata moja ya ndege. Jumla ni 57. Watu wakaziita karata za Kikristo, na mimi hucheka kidogo nikilisikia jina hilo. Maana atakaye kuweka fedha juu ya hesabu aweza, kama awezavyo juu ya picha ya mfalme. Kwa hiyo kwetu sheria ya kwanza ni kwamba hapawekwi kitu, hata peremende.

Kwa watu wanne zatosha karata 41, yaani tangu 5 hata 14 kwa kila rangi, na Kunguru mmoja. Mimi mara ya kwanza nalizikata katika boksi la biskuti, nikajiona mwerevu. Tulipoketi kucheza tukaona kwamba kila karata ina kipande chake cha maandishi mgongoni. Mke wangu akasema, "Baba, hiyo yenye mkia wa herufi ndiyo 14 nyekundu." Mchezo ukafa palepale. Katika karata za nyumbani uso si kitu kigumu, ugumu wote uko mgongoni.

Basi nunua karatasi mbili za manila nyeupe, ukubwa wa A4. Kwa urefu wa karatasi pima sentimita 4 mara 7, na kwa upana pima sentimita 6 mara 3. Karatasi moja hutoa karata 21, mbili hutoa 42. Hiyo ya 42 usiitupe. Nitaleta habari zake. Akate mtu mmoja tangu mwanzo hata mwisho, kwa rula na wembe, maana mikono miwili haikati sawasawa. Kisha weka sarafu ndogo penye kila pembe, uizungushie mkasi. Pembe kali hukunjika upesi, na karata iliyokunjika pembe hujulikana hata gizani.

Chora kwa penseli za rangi, si kwa kalamu za wino mzito, kwa maana wino hupenya ukaonekana nyuma. Andika hesabu katika pembe mbili zinazokabiliana, ili mtu azitandaze mkononi kama upepeo na kuzisoma zote kwa pembe tu. Chini ya 6 na chini ya 9 piga mstari, la sivyo mtagombana usiku kucha. Tena manjano ni rangi ya udanganyifu. Kwa mwanga wa taa ya mafuta haionekani juu ya karatasi nyeupe. Nalitaka kutia herufi ya kwanza ya kila rangi, nikakuta nyeusi na nyekundu zina herufi moja. Watoto ndio walionitoa katika shida hiyo: manjano wakaichorea jua, kijani jani, nyekundu ndimi za moto, na nyeusi chungu.

Wachezaji huketi wawili wawili, kila mtu na mwenzake wakielekeana. Kila mmoja hupewa karata 9, na tano zilizobaki huwekwa katikati, ziitwazo kiota. Kila 5 ina alama 5. Kila 10 na kila 14 ina alama 10. Kunguru ana alama 20. Jumla ni 120. Kila mmoja hutaja alama ambazo yeye na mwenzake wataahidi kuzipata. Kwetu huanza 70, na kupanda kwa tano tano. Aliyeahidi nyingi hutwaa kiota, huweka kando karata tano azipendazo, kisha hutaja rangi ya turufu. Karata alizoziweka kando, na alama zake, ni za atakayeshinda mzunguko wa mwisho. Mwenye rangi iliyoanza lazima aifuate. Asiye nayo atupe yoyote, hata turufu. Kunguru huhesabiwa kuwa turufu, naye kwetu huzishinda zote. Wasiotimiza ahadi yao hupunguziwa kadiri ile waliyoahidi, na hapo ndipo kijana ajifunzapo kutazama mkono wake kabla ya kufungua kinywa. Wa kwanza kufika 300 wameshinda.

Sasa ile karata ya 42. Mwaka mmoja Kunguru wetu aliangukia uji. Nikakata mwingine mpya katika manila, nikamrudisha kundini, na mgongo wake ulikuwa mweupe kama yangeyange katikati ya ng'ombe. Mimi sikuona, maana macho yangu si ya ujana. Binti yangu mdogo aliona. Usiku tatu alishinda, nasi tukamsifu. Usiku wa nne, tulipokwisha kusali, hakuondoka magotini. Akasema, "Baba, mimi hujua Kunguru yuko mkononi mwa nani." Nalikaa kimya kitambo, kwa kuwa karata ile nalikuwa nimeikata mimi, na jaribu lile nalimwekea mimi mkononi mwake. Nikamwomba radhi, naye akalia, na mama yake akazitia karata zote katika kifuko.

Kwa hiyo karata ya akiba na ikae pamoja na nyenzake tangu siku ya kwanza, ichangwe nazo kila jioni kabla ya kuondolewa kando, ipate jasho na vumbi lile lile. Siku moja ikiharibika, ile ya akiba huandikwa uso, na mgongo wake ni mzee kama wengine.

Mwalimu, usimwite kijana kwa hotuba. Mwite ashike rula wakati wewe unakata. Jioni ya pili mchore, mama na mdogo wake wakiwapo, mpate kuwa wanne. Kunguru mwachie yeye achore, na ijapo mdomo wake utakuwa mrefu kama wa korongo, usiufute.