Rutuba ya Mgeta Isiishie Jalalani



Kila siku ya soko pale Nyandira, magari hushuka yakiwa yamesheheni kabichi, karoti na njegere kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Kinachoshuka si mboga pekee, bali ni rutuba ya milima ya Uluguru. Je, tunairudishia ardhi nini? Majani yaliyochambuliwa sokoni hutupwa korongoni, na machicha ya vijiwe vya kahawa mjini huishia jalalani. Kisha mkulima yuleyule hukopa fedha anunue mbolea ya dukani. Hii ni israfu iliyo wazi.

Wazee wetu Waluguru waliyapanga magugu kukingama mteremko, wakayafukia yaoze. Basi mboji si elimu ngeni kwetu. Tunachokosa ni kuifanya kwa wingi na kwa pamoja.

Utaratibu wake si mgumu. Mabua hutangulia chini ili hewa ipite, kisha majani mabichi, samadi ya mbuzi na udongo kidogo, tabaka juu ya tabaka, hadi kimo cha mita 1.5. Machicha ya kahawa yana naitrojeni nyingi, lakini yasizidi sehemu moja ya tano, kwani hushikana yakazuia hewa. Gari lirudilo tupu kutoka mjini laweza kuyapandisha. Lundo lililopangwa vyema hufikia joto la nyuzi 55 hadi 65, linaloua mbegu za magugu na vimelea vya maradhi. Ligeuzwe na kutiwa maji; baada ya miezi mitatu au zaidi, kwa baridi yetu, huwa limeiva.

Watasema wengine kuwa mzigo huu utawaangukia akina mama. Hoja hiyo ni ya haki. Basi taka za shambani zioze shambani. Za sokoni zirundikwe kando ya barabara, kwani zikiiva hupungua takriban nusu, na vijana wa kiume ndio wabebe.

Wala pasiwe na shuruti. Mwaka 1955 Waluguru waliyapinga matuta waliyolazimishwa na wakoloni, kwa kuwa jasho lilikuwa lao na faida hawakuiona. Kila msikiti uanze na shamba moja: nusu litiwe mboji, nusu liachwe. Mavuno ndiyo yatakayohukumu.

Wabillahi tawfiq.