Katika michelada, tazama ndimu kabla ya bia

Wiki hii tunawaomba radhi wale waliofungua ukurasa huu kutafuta bei za korosho na kahawa peke yake. Tunaingia jikoni, na sababu yake ni ya kibiashara. Kipo kinywaji cha Meksiko kiitwacho michelada, yaani bia iliyotiwa ndimu, chumvi, pilipili na sosi, ambacho mtu mzima anaweza kukitengeneza nyumbani kwake kwa dakika tano. Maoni ya safu hii ni kwamba glasi moja ya kinywaji hicho humfundisha mfanyabiashara mdogo mengi zaidi juu ya gharama kuliko semina nyingi za siku tatu. Atakayekitengeneza kwa mkono wake na kukipigia hesabu atagundua kwamba kitu kinachoweza kumfilisi mtu si lazima kiwe kile kinachomla fedha nyingi.

Kwanza tukieleze kinywaji chenyewe. Wameksiko katika mazungumzo ya mitaani huita bia "chela". Bia ikitiwa maji ya ndimu na chumvi tu, wengi huiita chelada. Ikiongezwa pilipili na sosi nyeusi, inakuwa michelada. Majina hayo hubadilika kutoka mkoa hadi mkoa, na wapo wanaotia pia juisi ya nyanya. Kuhusu jina, wengine husimulia habari za bwana mmoja aliyeitwa Michel, mwanachama wa klabu ya michezo katika mji wa San Luis Potosí, aliyependa bia yake itengenezwe hivyo. Wengine husema ni maneno ya Kihispania yenye maana ya "bia yangu baridi" yaliyofupishwa. Vyovyote iwavyo, leo kinywaji hicho kinauzwa kwenye baa, ufukweni, viwanjani na kando ya barabara, na hupendwa zaidi wakati wa joto na penye vyakula vya baharini.

Namna ya kutengeneza ni hii. Weka glasi kubwa kwenye jokofu hadi iwe baridi sana. Changanya chumvi na pilipili ya unga katika sahani bapa. Pitisha kipande cha ndimu kwenye mdomo wa glasi, kisha uigeuze glasi juu ya sahani hiyo ili chumvi ishike pande zote. Kamulia ndani maji ya ndimu, vijiko viwili vya chakula. Tia matone machache ya sosi ya Worcestershire, matone mawili ya sosi ya soya au ya Maggi ya maji, na sosi ya pilipili kwa kadiri unavyoweza kuistahimili. Weka vipande vya barafu. Mwisho mimina bia nyepesi aina ya laga, chupa ndogo moja ya mililita 355 au inayokaribiana nayo, huku glasi umeiinamisha. Mimina polepole, kwa sababu chumvi huichokoza gesi iliyomo katika bia, na mwenye haraka atafuta povu mezani. Anayependa nyanya apunguze bia na kutia robo glasi ya juisi yake. Bia nzito na chungu hazifai kwa kazi hii, maana uchungu wake hugombana na ndimu.

Sasa ndugu msomaji, shika kalamu. Orodhesha vitu vyote vilivyoingia katika glasi, na mbele ya kila kimoja jiulize: kikikosekana sokoni, nitatia nini badala yake? Sosi ya Worcestershire ikikosekana, ya soya itasaidia. Pilipili ya chupa ikikosekana, ya unga ipo, na ya unga ikikosekana ipo mbichi. Nyanya si lazima. Na bia yenyewe? Chapa moja ikipanda bei ipo nyingine. Tena wapo Wameksiko wengi wanaokunywa maji ya madini yenye gesi yaliyotiwa ndimu, chumvi na pilipili bila tone la kilevi, na msomaji asiyetumia kilevi anaweza kufuata maelekezo haya yote kwa njia hiyo na akafurahi. Kwa hiyo hata bia, ambayo ndiyo inayojaza glasi, ina mbadala. Ndimu haina. Limau hukaribia lakini harufu yake ni nyingine, na siki huharibu kinywaji kizima.

Tuchukue mfano wa hesabu, tarakimu zake zikiwa za kufundishia tu. Tuseme mwenye baa hutumia shilingi 100 kwa bia, 10 kwa ndimu, 10 kwa sosi, chumvi na pilipili, na 5 kwa barafu. Jumla ni 125. Huuza glasi kwa 175, akabaki na 50. Katika gharama hiyo ndimu ni asilimia 8 tu, na wenye maduka wengi hata hawaiandiki kwenye daftari. Ndimu ikipanda mara nne, gharama inafika 155 na kinachobaki ni 20. Kitu ambacho hakikuandikwa kimekula sehemu tatu kati ya tano za faida. Ili bia ilete hasara ya namna hiyo, ingebidi ipande kwa asilimia 30, jambo ambalo mji mzima ungelipigia kelele. Ndimu hupanda kimyakimya, na mwenye baa huja kushtuka mwisho wa mwezi.

Je, ndimu inaweza kweli kupanda mara nne? Ilikwishapanda. Mwanzoni mwa mwaka 2014 sanduku la ndimu la kilo 18 hivi, ambalo katika soko la jumla la Marekani lilikuwa likienda kwa dola kati ya 20 na 30, lilipita dola 100. Sababu zilikuja kwa pamoja: mvua kubwa ziliharibu maua ya miti katika jimbo la Veracruz, ugonjwa wa jamii ya michungwa uitwao HLB ulikuwa umeshambulia mashamba ya Colima, na katika jimbo la Michoacán magenge yalikuwa yakiwatoza wakulima na wasafirishaji kodi ya vitisho. Baa nyingi zilianza kukata ndimu vipande vyembamba au kutumia limau. Shirika la ndege la Alaska Airlines liliacha kwa muda kuwapa abiria ndimu katika vinywaji.

Mtu atauliza kwa nini Marekani haikununua kwingine. Jibu lake ni somo jingine kwa mwenye mtaji. Zamani Marekani ilikuwa na mashamba yake ya ndimu kusini mwa Florida. Mwezi Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliyavunja, na miaka iliyofuata ugonjwa wa michungwa ukamaliza yaliyosalia. Wakati huo ndimu za Meksiko zilikuwa nyingi na rahisi, hasa baada ya mkataba wa biashara huru wa Amerika ya Kaskazini kuanza tarehe 1 Januari 1994, hivyo haikuonekana haja ya kupanda upya. Zaidi ya tisa kati ya kila ndimu kumi zinazoingia Marekani zikawa zinatoka nchi moja. Kununua kwa muuzaji mmoja ni raha siku zote isipokuwa siku moja.

Na shida hiyo haikuisha mwaka 2014. Mwezi Agosti 2024 maghala mengi ya kufungashia ndimu katika Michoacán yalifungwa kwa siku kadhaa, wenyewe wakisema hawawezi tena kulipa magenge yanayodai fungu katika kila kilo. Mwezi Oktoba 2025 Bernardo Bravo, kiongozi wa wakulima wa ndimu wa bonde la Apatzingán aliyekuwa akilalamika hadharani juu ya unyang'anyi huo, aliuawa. Basi mnywaji anayekamulia ndimu kwenye glasi yake na kunung'unika kwamba imepanda akumbuke kwamba upande wa pili wa bei hiyo yupo mkulima anayelipa kwa zaidi ya fedha.

Makampuni makubwa nayo yaliiona michelada. Katika miaka ya 2007 na 2008 Anheuser-Busch ilitoa bia ya kopo iliyochanganywa na Clamato, juisi ya nyanya yenye supu ya kombe wa baharini. Constellation Brands, ambayo mwaka 2013 ilipata haki ya kuuza bia za Modelo nchini Marekani, nayo inauza chelada za kopo chini ya jina hilo. Mwaka 2023 Modelo Especial ilifikia kuwa bia inayoongoza nchini Marekani kwa thamani ya mauzo, ikiipita Bud Light. Wanaofuatilia hisa hufurahishwa na habari za namna hiyo, na wana haki. Lakini sisi tunasema kopo haliwezi kumshinda mtu mwenye ndimu mbichi na kisu. Kinachouzwa katika kopo ni kumwondolea mnunuzi kazi ya dakika tano. Anayependa kulipia dakika hizo na alipe, ila asidhani amenunua kinywaji kilekile.

Tunajua litakalosemwa: mambo ya Meksiko yanatuhusu nini sisi? Tunda lenyewe litajibu. Ile ndimu ndogo yenye mbegu, ambayo Wameksiko huipenda kuliko ile kubwa isiyo na mbegu wanayoiuza zaidi Marekani, ndiyo ndimu tunayoikamulia mishikaki na kachumbari. Ilitoka Asia, ikaja kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi, na kwao ikafikishwa na Wahispania. Pilipili ilisafiri kinyume, kutoka kwao kuja kwetu. Mwenye kutaka kutengeneza kinywaji hiki Tanga au Mombasa ana karibu kila kitu gengeni.

Ushauri wetu ni wa aina tatu. Kwanza, anayetengeneza nyumbani anunue ndimu wakati zimejaa sokoni, azikamue, na maji yake ayagandishe katika trei za barafu. Ladha hupungua kidogo, lakini mfuko husalimika. Pili, anayeuza awe na wauzaji wa ndimu wawili au zaidi wa sehemu mbalimbali, na bei ya ndimu iingie kwenye daftari kila wiki hata kama ni ndogo. Tatu, ndimu ikipanda, apandishe bei ya glasi na kumweleza mteja sababu. Anayepunguza ndimu kwa siri anadhani ameokoa shilingi chache, kumbe anamfundisha mteja kwamba kinywaji hicho si kitu.

Na wale wasiouza kinywaji chochote nao watafute ndimu ya biashara yao. Kwa mchuuzi wa samaki ni barafu. Kwa mwenye mashine ya kusaga ni umeme au dizeli. Kwa fundi cherehani huenda ni uzi wa rangi moja tu. Na anayetaka kununua hisa za kampuni, kabla ya kusoma mauzo na faida, aulize ni kitu gani kidogo ambacho kampuni hiyo haiwezi kufanya kazi bila ya hicho, na kinatoka kwa watu wangapi. Akijibiwa kwamba kinatoka kwa mmoja, na arudi nyumbani, atengeneze michelada yake moja, akae chini na kufikiri upya.