Mashine za Kuchumia Chai
Wako watu wenye elimu wasemao kwamba waliochoma moto mashine za kuchumia chai huko Kericho, mwezi wa Mei 2023, walikuwa wajinga wapingao maendeleo. Mimi sisifu hata kidogo uchomaji wa mali ya mtu, lakini ujinga huo siuoni. Plau ilipokuja kushika mahali pa jembe, mkulima aliipokea kwa sababu shamba lilikuwa lake, na nafuu yake iliingia katika ghala lake mwenyewe. Mashine ya chai ni jambo jingine. Haikuletwa ili ipumzishe mgongo wa mchumaji, bali ili mchumaji asihitajiwe tena. Wala kazi yenyewe haiifanyi vizuri kama mkono: vidole huchagua majani mawili na chipukizi, na kisu cha mashine hukata machanga na makomavu pamoja. Basi faida imo wapi, kama si katika mishahara isiyolipwa? Wenye mashamba makubwa wakitaka mashine zisichukiwe, na wakubali wachumaji waunde chama cha ushirika, wazimiliki wao, walipwe kwa kilo kama walivyolipwa kwa vidole vyao.