Nani Aliyechora Boneti?

Wenye sehemu za kuoshea magari hapa Dar es Salaam tukikutana, hatuna wimbo mwingine: vijana wa siku hizi wavivu, wezi, hawadumu kazini. Mimi nilikuwa mwimbaji hodari. Leo nasema tunajidanganya.

Tazama tunavyowaajiri. Kijana anafika asubuhi, anapewa ndoo na kitambaa, basi, kaajiriwa. Mshahara hana, analipwa kwa kila gari. Mvua ikinyesha kutwa, analala na njaa. Halafu tunashangaa akiharakisha! Anayelipwa kwa hesabu ya magari atasugua tope kavu bila kulilowesha kwanza, na kitambaa kikianguka chini atakiokota na kuendelea. Mchanga ule ndio unaochora rangi.

Kijana wangu mmoja alichora boneti ya mteja namna hiyo. Nilimkata malipo ya wiki mbili papo hapo, bila kumsikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri aeleze deni kwa maandishi, mfanyakazi apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. (Nani kati yetu ameisoma?) Hakurudi tena. Nami nikatangaza kwamba vijana hawadumu.

Mtaniambia biashara ndogo haiwezi mshahara. Kupaka boneti ya mtu rangi upya inaweza? Kitambaa kile nilikinunua mimi, kimoja kwa magari yote ya siku. Cha pili niliona ni gharama.