Fumbo Si Kitendawili: Tumaini la Mkristo wa Makina

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaifahamu tofauti iliyopo kati ya fumbo na kitendawili, ingawa vitabu vya shule aghalabu huviweka katika sura moja. Kitendawili hudai jibu papo hapo. Anayeshindwa hutoa mji, mtegaji akafichua jibu, na mchezo ukaendelea. Fumbo halina pupa hiyo. Msikilizaji huondoka nalo, akaishi nalo, na pengine maana yake ikamfungukia baada ya miaka mingi. Tofauti hii ina uzito katika kulielewa tumaini la Kikristo, hasa mahali kama Makina, Kibera.

Watafsiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, walipofika katika sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ambapo Paulo anakiri kuwa ujuzi wetu juu ya Mungu ni wa sehemu tu, walitumia neno "fumbo". Uteuzi huo unastahili pongezi. Neno la Kigiriki alilolitumia Paulo, ainigma, lahusu usemi uliofumbwa. Tafsiri mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikaligeuza kuwa hali ya kiza. Kiza hakina msemaji. Fumbo lina mfumbaji, na lina mlengwa. (Mafumbo ya leso na taarabu huweza kuchoma, lakini hata hayo humlenga mtu.)

Soko la Toi, linalopakana na Makina, liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wachuuzi wakalijenga upya. Likaungua tena mwaka 2019, na hata hapo haikuwa mara ya mwisho. Mwuza mitumba aliye Mkristo huuliza: kwa nini? Zipo mimbari zinazolipokea swali hilo kama kitendawili na kulitegua mara moja: dhambi iliyofichwa, zaka iliyopunguzwa, imani haba. Hivyo ndivyo walivyofanya rafiki zake Ayubu, na mwishoni mwa kitabu hicho Mungu anawakemea wao, si Ayubu aliyelalama. Aidha, Ayubu mwenyewe haambiwi sababu ya mateso yake. Tumaini linalojengwa juu ya maelezo huporomoka moto wa pili unapozuka, kwani maelezo yale yale hayawezi kurudiwa bila aibu.

Makina ni kitovu cha Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles waliopewa makazi huko mwanzoni mwa karne ya 20. Jirani Mwislamu akimaliza kueleza jambo la dini husema "Allahu aalam", yaani Mungu ndiye ajuaye zaidi. Kauli hiyo haimzuii kusoma wala kuhoji, yamwekea mpaka. Mkristo hapungukiwi na lolote akijifunza adabu hiyo. Anaweza kupigilia mabati mapya na kuomba, huku swali lake lingali bichi.

Hata hivyo, si kila jambo ni fumbo. Ni nani aliyewasha moto, gari la zimamoto lingepitia wapi, ardhi ya soko ni ya nani: anayeyaita hayo mapenzi ya Mungu anamkinga mhalifu. Hivyo ni vitendawili hasa, na wenye ofisi hawana budi kuvitegua.